Ulimi wa Kuazima

Fundi alikuwa na ndoo kubwa yenye bomba chini, alikuwa na mpira wa kuvutia bia, kipimajoto, mizani ndogo, na friji kuukuu aliyoifufua mwenyewe akaigeuza kabati la kuchachushia. Alichokosa ni ulimi. Mafua makali yalikuwa yamemlaza kitandani, na yalipoondoka yaliondoka na ladha yote. Chumvi, sukari, ndimu, pilipili, vyote vikawa kitu kimoja mdomoni mwake, kama anatafuna karatasi. Kwa mtu anayepika bia nyumbani, hiyo si hasara ya kuchekea.

Kwa hiyo akaazima ulimi wa mkewe, na kwa ulimi mkewe hakuwa na mpinzani. Alikuwa mpishi wa hospitali. Kila asubuhi alionja masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na akisema chumvi imepungua, basi imepungua, hakuna wa kubisha. Jikoni kote walimwita Mpishi, na mumewe naye akaanza kumwita hivyo kwa utani, mpaka utani ukazoeleka ukawa jina. Yeye alimwita Fundi, kwa sababu alikuwa fundi wa friji, na kwa sababu katika maisha yake mtu huyo hakuwahi kuona kitu kimefungwa akakiacha kimefungwa.

Hata bia yenyewe ilianza hivyo. Mtu fulani alimlipa kwa boksi badala ya fedha. Ndani ya boksi mlikuwa na kopo la shira nzito ya kimea, pakiti ya hamira, kifuko cha hopsi na karatasi ya maelekezo. Hopsi ni maua makavu, yamesagwa na kushindiliwa yakawa vidonge vya kijani, na ndiyo yanayoipa bia uchungu wake. Karatasi ilisema changanya, funika, subiri. Fundi alichanganya, akafunika, akasubiri, akapata bia nyepesi yenye utamutamu wa ovyo. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alikasirika. Tangu siku hiyo kila boksi alilonunua alilipasua na kulitengeneza upya kama friji ya mteja. Akagundua kwamba hopsi ukizichemsha saa nzima zinatoa uchungu, ukizitia mwishoni zinatoa harufu, na kwamba saa hiyo ikishaanza huwezi kuikatiza. Ukizima jiko katikati, umemwaga kazi yote.

Saa hiyo ndiyo iliyoharibu nyumba. Afadhali lisemwe mapema, kwa sababu wao wenyewe hawakulisema kabisa: Mpishi alikuwa na kinyongo na mumewe, na hakikuwa kinyongo cha kitoto.

Siku jambo hilo lilipotokea, sufuria lilikuwa linatokota na nyumba nzima inanuka hopsi. Simu ikalia. Alikuwa dada yake Mpishi. "Njooni sasa hivi," dada alisema. "Mama amebadilika. Anakuulizia wewe, anauliza umefika wapi." Mama yao aliishi kwa dada huyo, upande wa pili wa mji. Mpishi alibadilisha viatu, akachukua mkoba, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Fundi, twende. Mama anazidiwa."

"Twende, twende," Fundi alisema, mwiko mkononi. "Nimalizie hizi za mwisho tu. Nikizima sasa imeharibika yote. Dakika chache, mke wangu. Mama yako ni jabali, atatungoja."

Zile dakika chache zikazaa nyingine. Sufuria likashushwa, kisha lazima lipoozwe upesi kwenye beseni la barafu, la sivyo bia itaingia vijidudu. Mpishi alisimama pale pale na mkoba begani. Angeweza kuita teksi. Hilo alijiuliza baadaye mara nyingi kuliko alivyojiuliza jambo lolote lingine maishani. Lakini mume alisema tunatoka sasa hivi, na mtu ukiambiwa sasa hivi huanzi kutafuta teksi. Na kulikuwa na jingine, baya zaidi, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Wakati Fundi anatikisa sufuria kwenye barafu, alichota kijiko akamnyooshea mkewe kwa mazoea, ingawa enzi hizo ulimi wake mwenyewe ulikuwa mzima. "Hebu onja." Na yeye, kwa mazoea yale yale, mkoba ukiwa begani na mama yake akiwa anakata roho, alifungua mdomo akaonja. Akasema, "Iko vizuri."

Walipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Dada yake alimkumbatia, kisha akarudi nyuma, akamnusa bega. "Nguo zako zinanuka nini? Mlikuwa mnapika nini?" Mbele ya shangazi zake wote. Mpishi alilia, na alipokuwa analia alijinusa mwenyewe.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alizika, alibeba, alisimama na wageni mpaka miguu ikamvimba. Lakini neno lenyewe la kuomba msamaha hakulisema. Waliporudi nyumbani alisema, "Hata tungeondoka saa ile ile, tungekuta yale yale." Labda alisema ili kumfariji, labda kujifariji yeye. Lilimkata Mpishi maini. Alisubiri siku mumewe ataligeuza lile neno, akasubiri, na kadiri alivyosubiri ndivyo alivyozidi kuwa mpole. Watu wakasema ndoa ile imetulia kweli.

Na bia ya siku ile ilitoka nzuri kuliko zote. Kuna mambo dunia huyafanya kama kwa makusudi. Majirani waliisifu, wakaiulizia ilipokwisha, na Fundi akaanza kuitaja kama mtu anavyomtaja mtoto aliyefaulu. Ile, aliiita. Ikitoka kama ile. Ile ilikuwa na kichwa. Kila aliposema ile, Mpishi alikuwa anapakua chakula au anafuta meza, na aliendelea kupakua na kufuta.

Ndipo kaka mkubwa wa Fundi alipoamua kufungua baa. Huyu ndugu walimwita Mkaguzi, jina la utani tu, kwa kuwa alizaliwa anakagua. Akiingia nyumbani kwako ataangalia dari kabla hajakusalimia. Alimhesabu mdogo wake kama mtu aliyeanza mambo mia bila kumaliza hata moja, na hakuwa na aibu ya kulisema mezani. Lakini habari za ile bia zilimfikia. Akapiga simu, akasema atakuja Jumapili fulani aionje. Ikimridhisha, Fundi ataacha friji, atapewa chumba nyuma ya baa na kazi ya kupika bia tu. Mgongo wa Fundi ulikuwa umeshakwisha kwa kujikunja nyuma ya mafriji ya watu. Usiku alikuwa anageuka kitandani kwa awamu, kwanza mabega, kisha kiuno. Chumba kile kilikuwa kila kitu kwake.

"Mkaguzi asijue habari za ulimi," alimwambia mkewe. "Akijua tu, nimekwisha. Atanicheka mpaka kaburini."

"Atajuaje?" Mpishi alisema.

"Wewe utaonja. Wewe ndiye ulimi wangu. Nataka itoke kama ile tu, Mpishi. Kama ile ya siku ile."

Alisema hivyo huku anatafuta kifungua kopo kwenye droo, mgongo kampa. Hakuyasikia maneno yake mwenyewe. Mpishi aliutazama ule mgongo mbovu, na kitu ndani yake, kilichokuwa kimelala muda wote huo, kikaketi wima.

Bia ilipikwa, ikapozwa, ikatiwa hamira, ikafungiwa kwenye friji ile kuukuu ikachacha kwa utulivu. Siku ya kuitia kwenye chupa ilikuwa alasiri yenye jua, dirisha la jiko likiwa wazi na redio ya jirani ikisoma matokeo ya mpira. Mpishi alikuwa ametoka kazini, bado ana alama ya kofia kwenye paji la uso. Fundi alifungua bomba akakinga kidogo kwenye glasi, akampa.

Mpishi akaonja. Ilikuwa imepoa vizuri, safi, ila tamu kidogo. Ilihitaji uchungu wa kuishika.

"Tamu," alisema. Hapo alikuwa bado anasema kweli.

"Nilijua!" Fundi alipiga paja. Hakujua chochote, lakini alikuwa amejiandaa. Jikoni kulikuwa na birika dogo la hopsi alizochemsha pembeni kwa maji matupu saa nzima na kuzichuja. Chai ya hopsi, aliiita hivyo, rangi ya majani yaliyolowa, kali kiasi kwamba tone lake ulimini linakufumba jicho moja. Ndiyo njia yake ya kurekebisha bia iliyokwisha kuchacha: kikombe cha kahawa kimoja kwenye ndoo, koroga polepole, onja, ukitaka tena unaongeza. Ubaya wake ni mmoja. Ukishaitia, huwezi kuitoa.

"Mimi namimina, wewe utasema basi," Fundi alisema. "Usinionee haya. Sitaacha kumimina mpaka wewe useme basi."

Akamimina kikombe cha kwanza. Akakoroga kama anayebembeleza mtoto, akakinga, akampa.

Mpishi akaonja, na bia ikawa imefika. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Utamu ulikuja mbele, uchungu ukaja nyuma yake ukaufunga mlango, na mdomo ukabaki safi. Ilikuwa ile. Ilikuwa ile kabisa, hadi akaisikia mikanda ya mkoba begani. Alisimama na glasi mkononi, na mumewe anamtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma majibu.

"Bado," alisema.

Neno lilitoka jepesi kuliko alivyodhani. Katika miaka yote ya kuonja hakuwahi kudanganya kuhusu ladha. Kuhusu mambo mengine, ndiyo, kama watu wote, lakini ladha ilikuwa kazi yake. Wagonjwa walikula kwa ulimi wake. Aliona aibu, kisha aibu ikapita na chini yake akakuta raha nyembamba, ya kijinga, ya mtu anayekwangua kidonda.

Kikombe cha pili. "Bado kidogo."

Fundi alisita. "Una hakika?" Akachovya kijiko kwenye glasi ya mkewe, akakilamba, akafumba macho. Alisimama hivyo kwa muda, kijiko mdomoni, mtu asiye na ulimi anayejifanya anao. Mpishi nusura amwonee huruma. Kisha akafumbua macho, akamtazama mkewe, si kwa hasira wala kwa kuuliza. Akachukua birika.

Kikombe cha tatu akamimina. "Bado." Cha nne Mpishi hakungoja hata aonje vizuri. "Bado." Mwisho Fundi aliinua birika zima akaliinamisha juu ya ndoo mpaka likadondosha tone la mwisho, akakoroga, akapeleka glasi. Mpishi akaigusisha midomo tu. Ilikuwa haimezeki tena.

"Hapo sawa?" Fundi aliuliza.

"Wewe funga chupa."

Walifunga chupa pamoja, Mpishi akitia sukari ya kuleta povu, kijiko kimoja kimoja, mume akibana vizibo kwa ile mashine ya mkono. Zilipangwa kwenye makreti chini ya meza. Siku zilizofuata Mpishi alipika, akafua, akaenda kazini, na kila alipofagia jikoni ufagio uligonga chupa zikalia. Angeweza kusema. Chupa zilikuwa pale, zingemwagwa, boksi jingine lingenunuliwa, Jumapili ingesogezwa. Kila jioni alikuwa anajiambia kesho. Halafu mumewe anasema jambo dogo tu, kama, "Mkaguzi ataipenda, utaona, itakuwa kama ile," na yeye anafunga mdomo kwa kufuli.

Jumapili ilifika. Mkaguzi aliingia, akaangalia dari, akasema hilo doa mnalijua? Nyuma yake alikuwa wifi, mdogo wao wa mwisho, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Na dada yake Mpishi alikuja pia. Mpishi mwenyewe ndiye aliyemwalika. Fundi alipouliza kwa nini, alijibu kwamba dada ni ndugu, kuna ubaya gani. Ukweli ni kwamba alitaka shahidi. Yeye aliaibishwa mbele ya watu wake na dada alikuwepo. Alitaka Fundi aaibishwe mbele ya watu wake, na dada awepo.

Fundi alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi na amechana nywele kwa maji. Akatoa glasi alizozisugua asubuhi nzima. Akamimina kwa kuinamisha, kwa adabu, na lazima mtu aseme haki: kwa macho, bia ilikuwa ya kupigwa picha. Rangi ya asali, povu jeupe lililokaa bila kutetereka.

"Heh!" wifi alisema. "Kaka, hii umepika wewe au umeiba kiwandani?"

"Ngoja unywe kwanza," Fundi alisema.

Dada aliinua glasi yake, akaileta puani, akaishusha mezani bila kuonja. Uso ulikuwa umembadilika. "Hii harufu naijua," alisema polepole.

Lakini Mkaguzi alikuwa ameshakunywa. Alikunywa kama mkaguzi, funda kubwa, akalizungusha mdomoni. Halafu shingo ikamkakamaa. Macho yakamtoka. Alilimeza kwa sababu alikuwa kwa watu, lakini lilikwenda chini shingo upande.

"Wewe," alisema alipopata sauti. "Umetuita kunywa bia au kunyweshwa dawa ya minyoo?"

Wifi alikuwa ameshakimbilia sinki. Alitema, akafungua maji, akatema tena. "Jamani, ulimi wangu! Kaka, ulimi umekufa ganzi! Hii hata sumu ya panya ina huruma!"

Mpishi alikuwa amesimama karibu na jiko, kitambaa cha vyombo mkononi. Saa yake ndiyo hii. Alimtazama mumewe aone uso unavyomshuka, na kweli ulishuka. Alingoja furaha. Kitu kilikuja, lakini kilikuwa kidogo, na hakikukaa.

"Nimezidisha," Fundi alisema. "Kosa langu. Ulimi wangu uliharibika tangu yale mafua. Sioni ladha ya kitu."

Alilisema mwenyewe, lile alilokuwa analificha kama mimba ya aibu. Mkaguzi alimtumbulia macho, kisha akaanza kucheka, kwanza tumbo, kisha mabega, mpaka akavunjika mbavu. "Mpika bia hana ulimi! Sijawahi kuona mambo haya! Ndiyo dereva kipofu huyu, anaendesha kwa kupapasa! Na mimi ningempa chumba! Ningeua wateja!" Akajipangusa machozi kwa kiganja. "Mdogo wangu, rudi kwenye mafriji yako. Friji angalau haina ladha."

"Lakini mkeo si yupo?" dada alimuuliza Fundi ghafla. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama Mpishi. "Hospitali nzima inakula kwa ulimi wake. Kwani wewe, hukumwonjea mumeo?"

Kwenye sinki wifi alifunga maji.

"Sikuonja," Mpishi alisema.

Fundi hakugeuka kumtazama. Alikuwa anakusanya glasi, vidole vitano ndani ya glasi tano. "Hakuonja," alisema. "Alikuwa na zamu. Nilifanya haraka mwenyewe."

Wageni hawakukaa sana baada ya hapo. Walikula kwa adabu, Mkaguzi akarudia utani wake wa dereva mara mbili, akaaga, akasema doa la dari lipakwe rangi kabla halijasambaa. Dada alikuwa wa mwisho kutoka. Mlangoni alimshika Mpishi mkono, kama mtu anayetaka kusema jambo. Akamnusa bega tu, kidogo, kama siku ile, akaenda zake.

Jua lilikuwa bado halijazama. Fundi aliosha glasi zote, akazifuta, akazipanga. Kisha akarudisha mbili mezani. Akavuta kreti kwa mguu, akafungua chupa moja, akamimina glasi mbili kwa adabu ile ile aliyommiminia Mkaguzi. Akaketi.

"Njoo ukae, Mpishi."

Mpishi akaketi, kitambaa bado mkononi. Mumewe akainua glasi, akanywa funda. Na hapo Mpishi aliona. Ngozi ya mashavu ilimwingia ndani, jicho moja likajifumba, mdomo ukajikunja kama mfuko uliovutwa kamba. Huwezi kuigiza uso ule. Alikuwa ametazama watu wakionja maisha yake yote, anajua mtu anayesikia ladha anavyofanana.

"Unasikia," alisema.

"Nasikia."

"Tangu lini?"

"Ulirudi kidogo kidogo. Kwanza chumvi." Fundi aliiweka glasi chini, akaizungusha kwa kidole. "Siku ya kutia chupa nilikuwa sijui kama umerudi wote. Nilipolamba kile kijiko ndiyo nikajua. Kilikuwa kikombe cha pili, na kwa kikombe cha pili uchungu ulikuwa umeshazidi."

"Ukajua nakudanganya."

"Nikajua."

"Na ukaendelea kumimina! Fundi! Chumba chako! Mgongo wako!" Sauti ilimpanda bila ruhusa yake, na alishangaa kusikia kwamba ni yeye anayemgombeza. "Mbona hukuacha?"

"Nilikwambia sitaacha mpaka useme basi." Alisema bila kiburi chochote. "Nilifikiri nikimimina, utafika mahali utasema. Nilikuwa nakusubiri useme. Hukusema. Nikaona basi, kumbe ni kubwa kiasi hiki."

Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Mpishi alikikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. Alikuwa ameandaa maneno mengi kwa ajili ya siku hii, alikuwa ameyapanga kichwani wakati wa kumenya, wakati wa kufua, na sasa yote yalikimbia likabaki moja tu la kijinga.

"Uliiita ile," alisema. "Kila siku. Ile, ile. Mama yangu anakufa, wewe unaisifia."

Fundi alimtazama mkewe kama mtu aliyefungua friji aliyoitengeneza mwenyewe akakuta waya wa moto uko wazi tangu zamani. Alikuwa hajajua hilo. Mengine alijua, lakini hilo hakujua.

"Ningezima jiko," alisema mwishowe.

"Sema tena."

"Ningezima jiko siku ile. Ningemwaga sufuria zima. Ningekupeleka kwa mama yako." Macho yalikuwa yamemjaa. "Nisamehe, mke wangu."

Ndilo hilo neno. Mpishi alikuwa amelisubiri muda wote huo, na sasa limefika, limekaa mezani kati ya glasi mbili. Alingoja lifanye kazi yake. Lilifanya kiasi. Liliondoa kitu kifuani, na kitu kilipoondoka akaona kilichokuwa nyuma yake: mwanamke mwenye mkoba begani, anafungua mdomo, anaonja, anasema iko vizuri. Huyo Fundi asingeweza kumwombea msamaha. Huyo alikuwa wake peke yake.

Akachukua glasi yake akanywa. Si kuigusa kwa midomo safari hii. Alikunywa mpaka chini, na uchungu ukamshika koo, ukampanda masikioni, ukamtoa machozi aliyokuwa hajayapata mahali pengine pa kuyatolea. Akaiweka glasi mezani tupu, povu likiteremka ndani yake.

Fundi aliinua chupa juu ya glasi ile, akaishikilia hapo bila kumimina.

"Basi?" aliuliza taratibu.

Mpishi alijifuta mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Alifikiri vizuri kabla ya kujibu, kama anavyofikiri kazini, kwa sababu safari hii alitaka kusema kweli.

"Bado," alisema.

Fundi akamimina.